Aliyekataa Kupiga Magoti

Picha ya mwisho ya Dune: Part Two haimwonyeshi mshindi. Paul Atreides ameshamwua mpinzani wake kwa kisu, ameshatwaa himaya, na umati uliomzunguka umepiga magoti. Mmoja tu amebaki wima: Chani, msichana wa jangwani aliyempenda Paul kabla hajaitwa mkombozi. Anatoka nje, anavuka matuta peke yake, anasimama kumngoja mnyoo mkubwa wa mchangani aje amchukue, na kamera inatua usoni mwake. Ana machozi, ana hasira. Hapo filamu inakwisha.

Ilitoka Machi 2024. Desemba ya mwaka huohuo Timothée Chalamet, aliyecheza kama Paul, alirudi kwenye kumbi za sinema akiwa na gitaa na miwani myeusi. Safari hii alikuwa Bob Dylan katika A Complete Unknown. Ukizitaja pamoja, filamu hizi hazielekei kuwa na undugu wowote. Moja ni ya vita vya anga, majeshi na viumbe wenye urefu wa mamia ya mita; nyingine ni ya kijana wa Minnesota anayetunga nyimbo New York. Hata hivyo zinauliza swali moja: watu wakishaamua kwamba fulani ni nabii wao, nani atabaki wima?

Swali hilo ni kipimo kizuri cha filamu nyingi za miaka ya karibuni, za bunilizi ya kisayansi na za maisha ya mastaa. Filamu inayompa nafasi mtu wa aina ya Chani huwa na uhai. Isiyompa huishia kuwa sherehe ya kumbukumbu, hata ikivuna mamia ya mamilioni ya dola.

Katika Dune kipimo hicho kiliwekwa kwa makusudi. Riwaya ya Frank Herbert ilichapishwa mwaka 1965, na mwandishi alikusudia iwe onyo dhidi ya viongozi wenye mvuto wa kupindukia. Wasomaji wengi walimshangilia Paul. Katika Dune Messiah, iliyotoka mwaka 1969, Herbert alionyesha balaa ambalo shujaa huyo aliliachia ulimwengu. Denis Villeneuve, mwongozaji kutoka Kanada, hakutaka kosa la wasomaji hao lirudiwe. Chani wa kitabuni ni mwaminifu kwa Paul hadi ukurasa wa mwisho. Chani wa kwenye filamu, aliyechezwa na Zendaya, hauamini utabiri wa mkombozi hata siku moja. Anajua kwamba ulipandikizwa na wageni ili watu wake watawalike.

Mtazamaji wa Kiswahili anausikia utabiri huo kwa sikio la peke yake. Wafremen, watu wa jangwa lile, wanamwita Paul Mahdi. Wanamwita pia Lisan al-Gaib, na hapo hakuna haja ya kamusi: lisani ni ulimi, ghaibu ni yale yasiyoonekana. Herbert aliyachota maneno hayo kwenye Kiarabu, chimbuko lilelile lililotupatia na sisi. Wakosoaji wenye asili ya Kiarabu walilalamika kwamba filamu imechukua lugha, mavazi na jangwa lao, lakini nafasi kubwa za uigizaji zikaenda kwa wengine. Malalamiko hayo ni ya haki, na uzuri wa picha hauyafuti.

Nao uzuri upo. Jangwa lile ni la kweli: Wadi Rum huko Jordan, na matuta ya Liwa upande wa Abu Dhabi. Tukio la Paul kumpanda mnyoo kwa mara ya kwanza liliundiwa kikosi chake maalumu cha upigaji picha, kilichofanya kazi sambamba na kikosi kikuu. Mpiga picha Greig Fraser alipofika kwenye sayari ya maadui, penye jua jeusi, alitumia kamera zilizorekebishwa kunasa miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Ngozi za watu zikatoka nyeupe kama za mizuka. Ndiyo maana mtazamaji anaogopa kabla hajaambiwa nani mbaya. Filamu ilikusanya zaidi ya dola milioni 700 duniani na kupata tuzo mbili za Oscar, ya sauti na ya madoido ya picha.

Bunilizi nzuri ya kisayansi haidai mfuko wa Hollywood. Neptune Frost, filamu ya mwaka 2021 ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilipigwa Rwanda kwa gharama ndogo. Kisa chake kiko kwenye milima ya Burundi, kwa wachimbaji wa koltani, madini yanayoingia kwenye simu na kompyuta. Mchimbaji mmoja anaona ndugu yake akiuawa mgodini. Baadaye anajiunga na kundi la watoro waliojenga kijiji kwa mabaki ya mitambo na wanaoingilia mifumo ya mawasiliano ya dunia. Watu wanaimba na kuzungumza Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Hapa hapasubiriwi mteule ashuke kutoka sayari nyingine. Kijiji kizima ndicho kinachosema.

Mwaka uleule wa 1965 kitabu cha Herbert kilipotoka, Bob Dylan alipanda jukwaa la tamasha la muziki wa asili la Newport akiwa na gitaa la umeme. Ilikuwa tarehe 25 Julai. Waliomfanya sauti ya kizazi chao walimtaka abaki na gitaa kavu na nyimbo za maandamano, na baadhi walimzomea. A Complete Unknown, iliyoongozwa na James Mangold, inajenga kila kitu kuelekea jioni ile. Chalamet alijiandaa kwa zaidi ya miaka mitano. Aliimba na kupiga gitaa na harmonika mwenyewe, moja kwa moja mbele ya kamera.

Mangold anacheza na tarehe. Katika filamu, mtazamaji mmoja wa Newport anamwita Dylan Yuda. Kelele hiyo ni ya kweli, ila ilipigwa Manchester, Uingereza, Mei 1966. Je, ni dhambi? Hapana. Tusi limehamishwa mahali na miezi, lakini maana yake imebaki palepale: mashabiki waliona wamesalitiwa, na mwanamuziki akaendelea kupiga. Uongo wa aina hii hausafishi mtu wala haumchafui.

Kinachoipa filamu uhai ni watu wawili wa pembeni. Mwimbaji Joan Baez, aliyechezwa na Monica Barbaro, anaimba na Dylan jukwaani, anatambua kipaji chake, na anamwambia bila kupepesa macho kwamba ni mtu asiyefaa. Sylvie Russo, aliyechezwa na Elle Fanning, anaujua uchungu wa kupenda mtu asiyetaka kujulikana. Kielelezo cha Sylvie ni Suze Rotolo, msichana anayeonekana akitembea mkono kwa mkono na Dylan kwenye jalada la albamu ya mwaka 1963. Dylan mwenyewe aliomba jina halisi la Suze lisitumike. Hao wawili wanatuwezesha kumwona Dylan kama kijana mwenye kipaji kikubwa na ubinafsi mkubwa, na filamu haioni haja ya kumwombea radhi. Ilitajwa kuwania Oscar nane na haikupata hata moja.

Sasa linganisha na filamu iliyofungua mlango kwa wimbi lote hili la filamu za wanamuziki.

Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018 iliingiza zaidi ya dola milioni 900 na kubeba Oscar nne, ikiwemo ya mwigizaji bora kwa Rami Malek. Inamhusu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 na kupewa jina la Farrokh Bulsara. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka minane. Huko alijifunza piano na kuanza bendi yake ya kwanza. Familia ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Visiwa, bahari, bweni, uhamisho: hayo yote yanapita katika maneno machache kwenye meza ya chakula. Tunampokea Freddie mwaka 1970 akiwa mpakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, kana kwamba maisha yalianzia hapo.

Kumnyima mtu utoto wake ni upungufu. Kubadilisha siku za ugonjwa wake ni jambo zito zaidi. Filamu inaonyesha Freddie akiwaambia wenzake kwamba ana UKIMWI katika mazoezi ya kuelekea Live Aid, tamasha la tarehe 13 Julai 1985. Waliokuwa karibu naye wanakumbuka kwamba majibu ya vipimo yalikuja mwaka 1987. Miaka hiyo miwili imefutwa ili dakika 20 za Queen kwenye Live Aid zipate machozi ya ziada. Isitoshe, ugonjwa umewekwa mara tu baada ya starehe za Munich na ugomvi na bendi, mpaka unaonekana kama adhabu. Afrika Mashariki, ambako koo nyingi zilizika vijana wao huku majirani wakinong'ona kwamba walijitakia, inayajua madhara ya hadithi ya namna hiyo.

Ugomvi wenyewe umepambwa. Filamu inamlaumu Freddie kwa kutaka kurekodi peke yake, inavunja bendi, kisha inaiunganisha upya kwa ajili ya Live Aid. Ukweli ni kwamba Queen walikuwa wamepiga Rio de Janeiro Januari 1985, miezi sita tu kabla. Na mpiga ngoma Roger Taylor alikuwa ameshatoa albamu mbili za peke yake kabla Freddie hajatoa yake ya kwanza.

Kwa nini Taylor na mpiga gitaa Brian May wanaonekana wapole, wenye busara, wanaowahi kurudi kwa wake zao? Wao walikuwa washauri wa filamu na wasimamizi wa muziki wake. Waswahili wamesema zamani kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Freddie alifariki Novemba 1991. Hakuwapo chumbani skripti iliposomwa.

Hapa ndipo penye fundo la filamu za wanamuziki. Anayetaka kupiga filamu ya maisha ya mtu maarufu anaweza kufanya hivyo bila idhini ya familia, lakini hawezi kutumia nyimbo bila ruhusa ya wenye haki zake. Filamu ya Jimi Hendrix, Jimi: All Is by My Side ya mwaka 2013, ilinyimwa nyimbo za Hendrix, na ikabidi imwonyeshe akipiga kazi za watu wengine. Watengenezaji wanalijua hilo. Hivyo huwafuata wenye nyimbo, na wenye nyimbo huja na masharti yao.

Ruhusa, hata hivyo, haimlazimishi mtu kusema uongo. Dexter Fletcher, aliyeimalizia Bohemian Rhapsody baada ya mwongozaji Bryan Singer kufukuzwa, alitoa Rocketman, filamu ya maisha ya mwanamuziki Elton John, mwaka 2019. Elton mwenyewe alikuwa mmoja wa watayarishaji wakuu, na mumewe David Furnish mtayarishaji. Wangeweza kuagiza sanamu. Badala yake filamu inaanza na Elton akiingia kwenye kikao cha waathirika wa ulevi na dawa za kulevya, akiwa amevaa vazi la shetani lenye pembe na mabawa, na kadiri anavyokiri ndivyo vazi linavyopukutika. Taron Egerton aliimba kwa sauti yake. Filamu haikufikisha dola milioni 200. Watayarishaji wengi wanaotazama hesabu hizo mbili wanachagua njia ya Bohemian Rhapsody.

Bob Marley: One Love, iliyotoka Februari 2024, inasimama katikati. Rita, mke wa Marley, na watoto wao Ziggy na Cedella ni miongoni mwa watayarishaji wake. Mwongozaji Reinaldo Marcus Green amechagua kipande kifupi: kuanzia Desemba 1976, watu wenye bunduki walipovamia nyumba ya Marley Kingston, kupitia London alikorekodi Exodus, hadi tamasha la amani la tarehe 22 Aprili 1978. Katika tamasha hilo Marley aliwashikanisha mikono mahasimu wa siasa za Jamaika, Michael Manley na Edward Seaga. Kingsley Ben-Adir ameupata mwendo wa Marley na mtikisiko wa kichwa chake. Hakupewa mtu wa kucheza, amepewa nabii.

Kwa kuishia pale, filamu inakwepa yaliyofuata. Claudie Massop na Bucky Marshall, vigogo wa magenge waliolibuni tamasha lile, waliuawa wote wawili kabla ya miaka mitatu kupita. Uchaguzi wa mwaka 1980 uliua mamia ya Wajamaika. Aprili ya mwaka huo Marley alikuwa Harare, mji uliokuwa bado ukiitwa Salisbury, akiimba kwenye uhuru wa Zimbabwe kwa gharama zake mwenyewe. Mwaka mmoja baadaye alifariki kwa saratani akiwa na miaka 36. Mwafrika aliyeingia ukumbini akiingoja Zimbabwe alitoka bila kuiona.

Lakini kuna dakika chache Paris. Nje ya sherehe, usiku, Rita wa Lashana Lynch anamgeukia mumewe na kumwambia yote: wanawake wake, watoto aliowalea yeye, miaka aliyosimama nyuma akiitikia nyimbo. Marley anabaki bila jibu. Ndiyo dakika pekee ambayo filamu inamshusha madhabahuni, na ndiyo dakika ambayo Ben-Adir anaonekana binadamu.

Rita alikuwa na haki ya kusema. Katika shambulio lile la Desemba 1976 alipigwa risasi kichwani. Siku mbili baadaye, mbele ya makumi ya maelfu ya watu kwenye tamasha la Smile Jamaica, alipanda jukwaani akiwa bado na gauni la hospitali na bandeji kichwani, akashika nafasi yake ya kuitikia, na akaimba mpaka mwisho.