Methanoli: Sumu Inayofanana na Pombe

Mwezi huu tunazungumzia kemikali iitwayo methanoli. Ni majimaji maangavu kama maji, huwaka upesi na huchemka kwenye nyuzi joto 65 hivi. Zamani ilipatikana kwa kuchoma kuni zisipopata hewa. Siku hizi hutengenezwa kwa wingi viwandani, hasa kutokana na gesi asilia. Huko hutumika kutengenezea gundi ya mbao, plastiki, rangi na hata mafuta ya mitambo.

Ubaya huanza inapoingia kwenye glasi. Methanoli ni ndugu wa alkoholi ya pombe, na kwa harufu wala ladha huwezi kuzitofautisha. Wauzaji wenye tamaa huichanganya na gongo au chang'aa ili ikolee. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapoteza macho. Mei 2014 msiba kama huo uliipata Kenya tena.

Sumu hii haiui papo hapo. Mtu hulewa, hulala, huamka kama mlevi yeyote. Wakati huo ini linaigeuza polepole kuwa asidi, ile ile wanayorusha majimoto, wale chungu wekundu wa miembeni. Asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Baada ya saa 12 hadi 24, pengine zaidi, huja maumivu ya tumbo na kichwa, kutapika, kuhema, na ukungu machoni. Vijiko viwili vidogo vya chai vyaweza kupofusha.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Husema, "Mwacheni alale, pombe zitamtoka." Wengine humpa ya kuzimua. Ni kweli kwamba hospitalini alkoholi safi, kwa kipimo, hutumika kuzuia ini lisitengeneze asidi hiyo pale dawa maalumu isipopatikana. Lakini ya kuzimua huenda imetoka pipa lile lile!

Mlevi akisema haoni vizuri, mleteni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Aibu iwekwe kando. Sisi wauguzi tukiuliza amekunywa nini na saa ngapi, tunatafuta tiba, si kumkemea. Chukueni na chupa iliyobaki. Na wenzake waliokunywa naye waje pia, hata wanaojiona wazima.