Maniema: Anayenunua nyungu aandike pia jina la mama aliyeifinyanga

Wilayani Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kama kwingine mashariki mwa Congo, sufuria za aluminiamu na bidoni za plastiki zimechukua nafasi ya nyungu katika nyumba nyingi. Anayetaka kuhifadhi nyungu leo ana kazi mbili: kununua chombo na kumjua aliyekifinyanga. Ya pili ndiyo husahaulika.

Mfinyanzi wa kijijini, ambaye mara nyingi ni mama, hana mashine wala tanuru. Huchimba udongo bondeni au kando ya mto, huuchanganya na mchanga au vigae vilivyopondwa, kisha huinua chombo kwa mikono. Nyungu hukauka kivulini siku kadhaa, halafu huchomwa mahali pa wazi kwa kuni na nyasi. Mvua ikinyesha moto ukiwaka, kazi ya siku nyingi hupasuka. Bei ya sokoni haihesabu hasara hiyo.

Vita navyo vimeongeza mzigo. Upande wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, mapigano yamewafukuza wakaaji mara nyingi. Anayekimbia hubeba watoto na nguo, nyungu hubaki.

Ufundi huu ni wa zamani sana. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale katika Katanga, uchimbaji wa mwaka 1957 na 1958 ulifukua makaburi ya zaidi ya miaka elfu moja yenye nyungu nzuri sana. Watoto walizikwa na nyungu ndogo. Waliozifinyanga hawajulikani, na hilo linaeleweka. Lakini hata nyungu nyingi zilizopelekwa Ulaya wakati wa ukoloni ziliandikwa kabila na mahali tu, ingawa wafinyanzi walikuwa hai.

Nigeria inaonyesha njia nyingine. Nyungu za Ladi Kwali, mama wa kijijini, zilinunuliwa na emiri wa Abuja kwa ajili ya nyumba yake. Mwaka 1950 Mwingereza Michael Cardew aliziona hapo. Mwaka 1954 mama huyo aliingia katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Magdalene Odundo wa Kenya, mfinyanzi anayejulikana duniani, alikwenda kujifunza katika kituo hicho miaka ya 1970.

Kwa mnunuzi wa Kasongo au Kindu, mambo ni mepesi. Uliza jina la mama, kijiji chake na kazi ya nyungu: ya maji, ya kupikia au ya pombe. Andika hayo pamoja na tarehe kwenye karatasi, uiweke ndani. Agiza mapema na uache feza kidogo za kuni. Funga nyungu kwa nyasi kavu kabla ya kuipandisha pikipiki. Ukipita tena, rudi kwa mama yuleyule.