Taa za ukumbi kutoka Guangzhou: kabla ya wati, uliza lenzi

Mtu akifungua ukumbi wa harusi Maskati au Sharjah leo, au skuli ikitaka kutengeneza jukwaa la michezo ya watoto, taa zake aghlabu zitatoka China. Na China, kwa mambo ya taa za jukwaani, maana yake ni Guangzhou. Viwanda vimejaa wilaya za Baiyun na Huadu, upande wa kaskazini kuelekea uwanja wa ndege, na kila mwaka kuna maonyesho makubwa ya taa na sauti, Prolight + Sound Guangzhou, kule Pazhou kwenye majengo yale yale ya Canton Fair.

Basi mnunuzi anasafiri. Analala mitaa ya Xiaobei, kwa sababu ya chakula cha halali na kwa sababu Kiarabu kinasikika kila kona, kisha asubuhi anapelekwa kiwandani. Suali lake la kwanza huwa: hii wati ngapi? Muuzaji anamtajia tarakimu kubwa, taa inawashwa chumbani, macho yanauma, biashara imekwisha. Baada ya wiki kadhaa kontena linafika, taa zinatundikwa, na bi harusi kwenye kosha anaonekana kama amekaa kivulini wakati ukuta, maua na meza za mbele zote zinawaka.

Wati hazina kosa hapo. Kilichokosewa ni pembe ya mwale, yaani upana wa mwanga unapotoka kwenye taa, na pembe hiyo inaamuliwa na lenzi.

Tufanye hesabu kidogo, haiumi. Sema kosha lina upana wa mita 4, na bomba la kutundikia taa liko mita 12 kutoka hapo. Taa yenye lenzi ya digrii 19 itatoa duara la mita 4, sawasawa na kosha. Lenzi ya digrii 26 itatoa mita 5 na nusu. Ya digrii 36, karibu mita 8. Ya digrii 50, zaidi ya mita 11! Taa ni ile ile, umeme ni ule ule, lakini mwanga wa digrii 50 umetandazwa kwenye eneo kubwa mara nane hivi kuliko wa digrii 19. Kwa hiyo uso wa bi harusi unapata kama moja ya nane tu. Fundi anaweza kusogeza vile vipande vinne vya chuma vilivyomo ndani ya taa akakata mwanga usipige ukutani, lakini ulichokata umekipoteza. Hakirudi katikati.

Habari nzuri ni kwamba si lazima ununue taa nyingine. Taa za aina ya profaili, zile ndefu zinazotoa duara lenye ukingo safi, zina sehemu mbili: kiwiliwili chenye balbu au LED, na mrija wa lenzi mbele yake. Mrija unachomoka. Mwaka 1992 kampuni ya Marekani ya ETC ilitoa taa iitwayo Source Four, ambayo kiwiliwili kimoja kinapokea mirija ya digrii mbalimbali, na mtindo huo umeenea duniani kote. Viwanda vingi vya Guangzhou vinauza profaili zao kwa chaguo la 19, 26, 36 na 50. Usiposema kitu, utafungiwa ile iliyopo stoo. Mrija mmoja wa ziada ni bei ndogo ukilinganisha na taa nzima, na ukiuagiza pamoja na taa unaingia kontena lile lile. Ukiukumbuka baadaye, nauli yake peke yake itakuudhi.

Angalia pia urefu. Kadiri pembe inavyokuwa nyembamba, lenzi huwa kubwa na mrija mrefu zaidi. Wa digrii 10 au 5 ni mzigo mzito unaojitokeza mbele. Kwenye majumba makubwa, kama Jumba la Opera la Guangzhou alilobuni Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, na kufunguliwa mwaka 2010, au Royal Opera House ya Maskati iliyofunguliwa mwaka uliofuata, mwanga una safari ndefu kutoka nyuma ya ukumbi, na pembe nyembamba haziepukiki. Ukumbi wetu wa kawaida wa mtaani hauhitaji hayo.

Kuna mtego mmoja kwenye karatasi za wauzaji. Pembe hupimwa kwa njia mbili. Moja inaishia pale mwanga unapofika nusu ya ukali wa katikati. Nyingine inaendelea mpaka unapobaki sehemu moja ya kumi, na hiyo ni pana zaidi. Kiwanda kimoja kinaandika hii, cha jirani kinaandika ile, kwa hiyo “36” mbili zinaweza zisifanane. Dawa yake ni futi ya kupimia. Mwambie muuzaji aweke taa mita 6 kutoka ukutani, imetazama ukuta moja kwa moja bila kuinama, kisha pima duara. Ya digrii 19 itoe kama mita 2, ya 26 mita 2.8, ya 36 mita 3.9, ya 50 mita 5.6. Wauzaji wazuri hawakasiriki ukipima.

Ukisita kati ya lenzi mbili, maoni yangu ni uchukue nyembamba. Kupanua mwanga ni rahisi: karatasi maalumu ya ukungu inawekwa mbele ya taa, duara linatanuka na ukingo unalainika, jambo ambalo uso wa bi harusi unalipenda. Kubana mwanga uliokwisha tawanyika hakuna karatasi inayoweza. Inatakiwa lenzi nyingine.

Zile taa fupi za LED za kumwaga rangi zina vilenzi vidogo vya plastiki juu ya kila LED. Hapo pembe huchaguliwa wakati wa kuagiza, kwani kufungua na kubadilisha baadaye ni kazi ya kiwandani. Taa za Fresnel ni hadithi tofauti: ndani yake balbu husogezwa, ikikaribia lenzi mwanga unapanuka, ikirudi nyuma unabana. Lenzi hiyo yenye miduara ilibuniwa na Mfaransa Augustin Fresnel kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, miaka ya 1820. Guangzhou ina mnara wa namna hiyo wa zamani zaidi: mnara wa Msikiti wa Huaisheng, ambao wenyeji wanauita Mnara wa Mwanga, na inasemekana ulikuwa ukiwaashia taa mabaharia wa Mto Pearl. Ukiwa mjini Ijumaa, nenda.

Sisi wa Ghuba tuna sababu yetu ya kulimaliza jambo hili mapema. Kwenye harusi za wanawake, mafundi wanaume wanatoka kabla wageni hawajaingia. Baada ya hapo hakuna wa kupanda ngazi kubadilisha mrija. Kwa hiyo kabla ya safari, pima ukumbi wako: kutoka bomba la taa hadi kosha, upana wa kosha, na urefu wa dari. Andika tarakimu tatu hizo kwenye simu, umwonyeshe muuzaji kabla hajawasha chochote. Mirija ya akiba ifungwe kwenye boksi lake, kila mmoja na kibandiko cha digrii zake, maana ikishachanganyika kwa macho hutoitofautisha 26 na 36.