Atelye ya seremala inahama: nini ubebe, nini uache



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunazungumza juu ya seremala. Karibu kila koperativi ina seremala wake: ndiye anatengeneza mizinga ya nyuki, mipini ya majembe, vitanda vya kukaushia mbegu, milango ya depo. Akihama, kazi hizo zinasimama. Na seremala mpya akifika kwenu na vyombo vyake vimevunjika njiani, mutamungoja msimu mzima.

Kiangazi kilichopita tulimfuata seremala mmoja aliyehamisha atelye yake yote kutoka Baraka, katika teritware ya Fizi, kandokando ya ziwa Tanganyika, mpaka kijiji kimoja karibu na Kamina, katika Haut-Lomami. Ametupa ruhusa ya kusimulia. Jina lake tunaliacha. Tutamuita Papa Seremala, kama vile watu wa kwake wanamuita.

Alikuwa amefanya kazi Baraka miaka 18, nyuma ya nyumba yake, chini ya mabati. Kaka yake mkubwa alipofariki kule nyumbani, aliacha shamba na watoto wanne. Familia ilimuita arudi. Koperativi ya kule ilikuwa inatafuta seremala, kwa sababu wanachama walitaka mizinga 40 mbele ya mvua, wakati miti ya pori inatoa maua. Wakakubaliana hivi: koperativi inatoa mkopo wa safari, yeye analipa kwa mizinga. Mizinga ikichelewa, maua yanapita, na deni linabaki.

Pima kilo mbele ya kufunga mzigo

Tulifika kwake na karatasi na mizani ya soko. Tukaandika kila kitu: mashine moja kubwa ya kuranda mbao, chuma kitupu, zaidi ya kilo 200, msumeno mdogo wa mviringo na motoro yake, grupu ndogo ya umeme, rabo tano, misumeno ya mkono minne, patasi, keke, nyundo, vibano vya kushikia mbao, jiwe la kunolea, meza ya kazi, na mbao za mikaratusi 60.

Kwa kila kitu tuliuliza maswali matatu. Kule kinapokwenda, kitafanya kazi? Bei ya kukibeba inafika wapi tukiilinganisha na bei ya kukiuza hapa? Kule, mutu anaweza kukitengeneza kingine?

Mashine kubwa ilianguka kwenye swali la kwanza. Kijiji kile hakina umeme wa SNEL, na grupu yake ndogo haikuweza kuiwasha. Memba wengi hawajui jambo hili: motoro inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara tano na zaidi kuliko inapokuwa imekwisha kushika mwendo. Kwa hiyo grupu yenye nguvu sawa na ile iliyoandikwa kwenye motoro haitoshi. Tena, bei ya kuibeba ilipita nusu ya bei ya kuiuza.

Papa Seremala hakufurahi. Mashine ile ilikuwa imesomesha watoto wake. Alisema ataibeba hata kama ni kwa deni lingine. Mama wa nyumba ndiye alikata maneno: «Papa, tulipe bato juu ya chuma yenye haitawaka? Uiuze, tupate ya kuanzia kule.» Ikanunuliwa na kijana aliyejifunza kazi kwake.

Meza ya kazi iliachwa pia, lakini skrubu kubwa ya chuma ya kubana mbao ilifunguliwa na kubebwa. Ubao wa meza unapatikana kila fasi. Skrubu ile haipatikani.

Namna ya kufunga vyombo

Adui wa kwanza juu ya ziwa ni kutu. Kila chuma kilipanguswa, kikakaushwa kwenye jua, kikapakwa grisi, halafu kikafungwa na kitambaa kikavu. Musipake mafuta ya mawese. Yakichacha yanakula chuma pole pole, na panya wanayafuata.

Meno ya misumeno yalivikwa mpira wa ndani wa kinga uliopasuliwa kwa urefu. Vyuma vya rabo vilitolewa na kufungwa peke yake, kwa sababu chuma kikibaki ndani kinapasua mbao ya rabo safari ikitikisika. Jiwe la kunolea lilipewa kikapu chake chenye majani makavu. Likianguka mara moja limekwisha.

Kabla ya kufungua msumeno wa mviringo, mtoto wake alipiga picha kwa simu, upande kwa upande, na tuliandika namba kwa rangi kwenye kila kipande na bulo zake. Grupu ilimwagwa mafuta yote. Kupakia grupu yenye esanse ndani ya mashua iliyo na watu ni kucheza na moto.

Kitu kimoja hakikuingia kwenye mzigo. Ni mfuko mdogo wenye vipimo vyake: mbao nyembamba na vyuma vilivyokatwa kwa umbo la kila kazi, kipimo cha mguu wa kiti, cha mlango, cha kijiti cha mzinga. Mama aliufunga ndani ya kitenge akaubeba mgongoni mpaka Kamina. Alituambia: «Nyundo tutanunua. Hii nani atatuuzishia?»

Karatasi

Tuliandika orodha ya vyombo vyote kwa kopi tatu, na namba ya motoro na ya grupu, ikatiwa muhuri na chefu wa mtaa. Kopi moja kwa mwenye mali, moja ndani ya mzigo, moja kwa koperativi inayompokea. Faktire za zamani alizokuwa nazo zilifungwa pamoja. Mutu mwenye orodha kwenye kizuizi anaongea dakika kumi. Asiye nayo analala pale. Kwa mbao za kusafirisha, uliza kwanza huduma ya Mazingira ya kwenu karatasi gani inaombwa. Usingoje kuulizwa njiani.

Ziwa na reli

Kutoka Baraka mpaka Kalemie mzigo ulikwenda kwa mashua ya mbao. Katika kiangazi upepo wa kusini unaweza kusukuma mawimbi makubwa juu ya Tanganyika. Mashua ya kwanza ilikuwa imejaa kupita kiasi. Papa Seremala alikataa kupanda, ingawa alikuwa amekwisha kuhesabu pesa ya siku. Alipanda ya pili, siku mbili nyuma. Vyuma viliwekwa chini, katikati, juu ya mbao ili visiguse maji ya ndani ya mashua, na vikafunikwa shitingi. Kila mutu wa familia alivaa jile. Rabo zote za dunia hazilipi mtoto.

Kutoka Kalemie njia ni reli: Nyunzu, Kabalo kwenye mto Lualaba, halafu Kabongo mpaka Kamina. Ni karibu kilomita 700. Kwenye ramani ni mstari mmoja tu, lakini treni ya mizigo haina saa ya kuaminika. Familia ilingoja Kalemie siku 11, wakilala kwa zamu karibu na mzigo. Pesa ya chakula waliyopanga ilikuwa ya siku nne. Koperativi ilituma nyongeza kwa simu, na kiasi kile kikaingia kwenye deni. Ushauri wetu: hesabu siku za kungoja mara mbili ya zile unazoambiwa, na pesa ya kungoja uiweke mbali na pesa ya safari.

Kosa letu sisi wagronomu

Hapa tunapaswa kusema ukweli. Mbele ya mashine kubwa kuuzwa, sisi ndio tulimshauri Papa Seremala aitumie mara ya mwisho kukata vijiti vyote vya mizinga. Mzinga wa vijiti tunaowafundisha una vijiti 28 juu yake, kila kimoja upana wa milimita 32. Kwa mizinga 40 ni vijiti 1120. Tulifikiri: mashine ingali hapa, tumalize kazi, kule atapigilia tu masanduku. Yeye alisita. Alisema mikaratusi ile bado ni mibichi. Tulimjibu kwamba itakauka njiani. Akatuheshimu, akakata.

Ilikauka kweli. Kandokando ya ziwa hewa ina maji. Kwenye uwanda wa juu wa Kamina, katika mwezi wa saba na wa nane, hewa ni kavu sana. Ubao unapopoteza maji unapungua upana. Urefu karibu haubadiliki. Mikaratusi ni kati ya miti inayopungua zaidi. Alipofungua mzigo na kutoa kipimo chake cha chuma ndani ya kitenge cha Mama, vijiti vya 32 vilikuwa vimebaki 31, vingine 30, na vingi vimepinda.

Milimita moja ni kitu gani? Zidisha mara 28: ni karibu sentimita tatu za nafasi wazi juu ya mzinga. Na kuna ubaya zaidi. Nyuki wetu wanajenga sega moja kila milimita 32. Kijiti kikiwa chembamba, sega la kwanza linakaa sawa, la tano au la sita linapanda juu ya kijiti cha jirani. Siku ya kuvuna huwezi kuinua kijiti kimoja bila kuvunja masega mawili, asali inamwagika, nyuki wanakasirika, na mwanachama anasema mzinga wa kisasa ni uongo.

Ulikuwa mwisho wa mwezi wa nane. Mizinga 40 ilikuwa inangojwa, na mzigo wa vijiti uliolipiwa bato na treni ulikuwa haufai. Katika mkutano memba mmoja alisema seremala amewadanganya. Tulisimama tukasema kwamba shauri lilikuwa letu. Mkutano ulikaa kimya, halafu mzee mmoja akauliza swali la maana: «Sasa tufanye nini?»

Namna alivyotengeneza

Papa Seremala alizunguka kwa wapasua-mbao wa kijiji akitafuta vipande vya mulombwa vilivyobaki, vilivyokaa chini ya paa misimu miwili na zaidi. Mulombwa uliokauka unapungua kidogo sana, ndiyo maana maseremala wanaupenda. Kwa kuwa vilikuwa vipande vifupi, wapasuaji waliviuza kwa bei ndogo, na hakuna mti uliokatwa. Vijiti vilikatwa kwa msumeno na rabo ya mkono, kila kimoja kikipitishwa kwenye kipimo. Vijana wawili wa koperativi walifanya naye, na sasa wanajua kazi ile. Vijiti vya mikaratusi havikutupwa. Vimekuwa vitanda vya kukaushia mbegu.

Mvua ya kwanza ilipofika, mizinga 26 ilikuwa tayari, imepakwa nta na kuwekwa porini. Hawakupata 40. Mizinga 14 ilimalizika wakati maua mengi yamekwisha kupita, na hiyo ni hasara ya kweli kwa wanachama 14. Mkutano uliamua kusogeza sehemu ya deni kwa msimu mmoja bila kuongeza kitu. Kiasi cha kusafirisha vijiti vile tulikiandika kwenye hesabu ya mradi wetu, kwa kuwa hakikuwa deni la seremala.

Jaribu hili kwenu

Ubao umekauka au bado? Kata kipande katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa sababu ncha inakauka mapema. Kipime kwa mizani ndogo, andika uzito, kiweke pamoja na mbao zako chini ya paa, fasi yenye upepo. Kipime tena kila wiki. Uzito ukishuka, maji bado yanatoka, ngoja. Ukikaa sawa wiki mbili au tatu mfululizo, ubao umezoea hewa ya kwenu, na sasa unaweza kukata kwa kipimo. Fanya hivyo hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mkavu: ubao mkavu wa kando ya ziwa si mkavu wa Kamina.

Na koperativi inayopokea seremala ikumbuke mambo haya:

- Mukubaliane kwa maandishi nani anabeba hasara ya njiani, mbele ya mzigo kuondoka.
- Beba vyombo vya mkono, vipimo na vyuma ambavyo havipatikani. Mbao na meza zinangoja kule.
- Motoro iliyopita juu ya maji isiwashwe siku ya kwanza. Ifunguliwe, ikae juani siku mbili, halafu ijaribiwe.
- Mutafute mbao miezi mbele ya seremala kufika, zianze kukauka kwenu.
- Seremala akisema mti bado mubichi, musikilizeni yeye, hata kama agronomu amesema tofauti.

Leo atelye iko chini ya mwembe, na paa ya nyasi ikingoja mabati. Skrubu ya Baraka imefungwa kwenye meza mpya ya mulombwa, na mfuko wa vipimo umetundikwa ukutani. Tulipopita mara ya mwisho, Papa Seremala alikuwa anapima vipande vya mbao kwa mizani ya koperativi na kijana mmoja anaandika kwenye daftari. Tuliuliza mizinga ya msimu ujao itaanza lini. Alitazama daftari kwanza, akasema: «Wiki mbili tena, agronome. Bado inashuka.»

Tuliandika hivyo, na safari hii hatukumshauri kitu.