Famuwea Huria na Suala la Lugha: Mfano wa Chipu ya ESP8266

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyokusanywa katika chipu moja. Ndani yake mna kichakataji na kumbukumbu, na pembeni mna miguu ya kuunganishia taa, pampu au kipimajoto. Programu inayoiongoza hukaa katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukatikapo, nayo huitwa famuwea. Famuwea huwa huria pale msimbo wake asilia unapowekwa wazi, na leseni yake inapomruhusu kila mtu kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Kwa kawaida jambo hili huelezwa kama suala la sheria na ufundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni suala la lugha pia, kwani msimbo ulio wazi kisheria waweza kubaki umefungwa kwa yule asiyeweza kuyasoma maelezo yake.

Mfano mzuri ni chipu ya ESP8266, iliyotengenezwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai, Uchina. Chipu hiyo ina kichakataji cha biti 32 pamoja na redio ya Waifai ya kuiunganisha na intaneti. Ilipoanza kujulikana sana nje ya Uchina mwaka 2014, kibao chake kiliuzwa kwa dola chache tu za Marekani. Hata hivyo wanunuzi walikuta kikwazo: maelezo yaliyopatikana yalikuwa karibu yote kwa Kichina. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wapenzi wa chipu hiyo haikuwa kuandika programu bali kutafsiri. Waliifasiri orodha ya amri ambazo chipu ilizipokea, wakazijaribu, wakasambaziana matokeo.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo ulianza mradi wa NodeMCU, ambao uliitia chipu hiyo mkalimani wa lugha ya Lua. Kabla ya hapo ESP8266 ilitumika zaidi kama mtumishi wa maikrokontrola nyingine. Sasa mtumiaji aliweza kuiandikia mistari michache na kuiona ikitendeka papo hapo.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na wanaisimu. Lua ilibuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili, na jina lake ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Walakini maneno yake ya msingi ni ya Kiingereza. Basi chipu ni ya Wachina, lugha ya programu ni ya Wabrazili, na msamiati wake ni wa Waingereza. Je, Mswahili ana nafasi gani?

Nafasi yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Toleo la 5.1 la Lua, ambalo NodeMCU ilijengwa juu yake, lina maneno 21 tu yaliyotengwa, yenye maana kama vile “ikiwa”, “au”, “rudia” na “mpaka”. Majina mengine mengi, pamoja na maelezo yanayoandikwa kando ya amri, huchaguliwa na mwandishi mwenyewe. Hakuna kanuni ya mashine inayomzuia mtu kukiita kitendo cha kuwasha taa washa_taa, na cha kupima joto pima_joto. Tahajia ya Kiswahili huingia humo bila marekebisho, isipokuwa ritifaa ya ng’, ambayo haikubaliki katika jina.

Faida ya kuielewa famuwea si ya kitaaluma tu. Mwenye swichi ya nyumbani ambayo famuwea yake imefungwa humiliki plastiki na nyaya, lakini amri huwa ya mwingine. Seva za mtengenezaji zikizimwa, swichi yaweza kukosa manufaa hali ya kuwa haikuharibika. Famuwea huria ya Tasmota, iliyoanzishwa na Theo Arends mwaka 2016, huziwezesha swichi zenye ESP8266 kutii mtandao wa nyumba yenyewe. Hata hivyo uhuria huo una mpaka, kwani Espressif ilizitoa maktaba za kuendeshea redio ya chipu hiyo bila msimbo wake asilia.

Aidha, kutoelewa maelezo kuna hasara ya moja kwa moja. ESP8266 hutumia umeme wa volti 3.3, na anayeiunganisha na chanzo cha volti 5 aweza kuiunguza. Onyo lililoandikwa kwa lugha asiyoijua msomaji si onyo kwake.

Kiswahili si mgeni katika shughuli za namna hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Katika OpenOffice kazi kubwa ilikuwa kutafsiri maneno ya kwenye skrini. Katika famuwea, ambayo mara nyingi haina skrini, kazi kubwa ni mwongozo: maana ya kila amri, sababu ya kila hatua, na hatari za umeme. Leseni huria imekwisha kutoa ruhusa. Kilichobaki ni istilahi na watu wa kuuandika mwongozo huo, na hiyo ni kazi ya wanalugha kama ilivyo ya mafundi.