Kuvuka Mji kwa Sahani ya Tambi



Mmezoea kuniona katika ukurasa huu nikizungumzia mirathi, eda na haki za yatima. Leo nawaomba radhi, kwani nitazungumzia mkahawa, tena mkahawa wa vyakula vya Kitaliano. Msije mkastaajabu. Mambo yote yana mlango wake katika dini, na chakula ni mlango mpana.

Kisa chenyewe kilianza kwa maneno yangu mwenyewe. Katika darsa moja ya akina mama nilisema kwamba familia inayokwenda kula mikahawani huiuza baraka ya jiko lake. Maneno hayo yaliwapendeza wazee waliokuwa barazani wakisikiliza, nami nikarudi nyumbani nimeridhika. Usiku ule binti yangu mdogo aliniletea kahawa, akaketi, akaniuliza kwa adabu: "Baba, ile hadithi ya jirani Mwajemi uliyotufundisha madrasani, hukumu yake ni ipi?"

Nilinyamaza. Nilifahamu mara moja anakonielekeza.

Jirani aliyepika mchuzi mzuri

Hadithi hiyo imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa na jirani Mwajemi, hodari wa kupika mchuzi. Siku moja alimpikia Mtume, akaja kumwalika. Mtume akamuonyesha Bi Aisha (r.a.) na kuuliza: na huyu je? Yule jirani akasema la. Mtume naye akaukataa mwaliko. Jirani akarudi mara ya pili, jawabu likawa lile lile. Mara ya tatu alipoulizwa alisema ndiyo, na hapo wakaondoka wote wawili, wakifuatana hadi nyumbani kwake. Imam An-Nawawi ameeleza kwamba Mtume alichukia kukila chakula hicho peke yake bila ya mkewe, na kwamba huo ni wema wa kuishi na mke.

Hadithi hii nimeisomesha kwa miaka mingi, nikiieleza kama somo la haki ya jirani. Binti yangu alinikumbusha upande wake wa pili. Mimi nimealikwa walima za arusi, maulidi na semina kutoka Vanga hadi Lamu, na kote huko nimekula vilivyopikwa na mikono ya wengine. Mama yake ameniandalia chakula kwa miaka thelathini na mmoja. Je, ni lini niliwahi kuuliza, "Na huyu je?"

Kutoka Likoni hadi ng'ambo ya pili

Mkahawa wenyewe binti yangu aliujua kupitia kwa wenzake wa chuo. Uko katika mtaa wa kawaida upande wa Bamburi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hauna taa za kumetameta wala mlinzi mwenye kofia. Sisi twakaa Likoni. Kwa hivyo ilitubidi tusubiri feri, tukate kisiwa chote cha Mombasa, tuvuke daraja la Nyali, tusali Magharibi Kongowea, kisha tuendelee. Tulikuwa watano garini: mimi, mke wangu, binti zangu wawili na mjukuu mmoja. Mke wangu aliuliza mara tatu kama tumezima jiko. Jiko siku ile halikuwashwa.

Mwenye mkahawa ni mtu wa Malindi, na hapo ndipo penye chimbuko la mambo. Wasomaji wetu wa Malindi wanajua kwamba Wataliano si wageni kwao. Katika miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha kurushia setilaiti katika bahari ya Ngomeni, kikaitwa San Marco. Mwaka 1967 setilaiti ilirushwa kutoka hapo, na mwaka 1970, tarehe 12 Disemba, ikarushwa nyingine ambayo ilipewa jina la Uhuru kwa kuadhimisha siku ya uhuru wa Kenya. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wenye mahoteli. Leo wako vijana wengi wa Malindi na Watamu wanaosema Kitaliano bila ya kukisoma darasani.

Bwana huyu ni mmoja wao. Aliingia jikoni kama muosha sufuria akiwa kijana, akatoka akiwa mpishi mkuu. Nilimuuliza kwa nini aliacha kazi yenye mshahara mzuri. Hakuwalaumu waajiri wake, bali alisema hivi: "Sheikh, mpishi hawezi kupika bila ya kuonja. Na michuzi mingi pale ilikuwa na mvinyo. Nilikuwa nikionja kwa ncha ya ulimi kisha nasukutua. Mwaka mmoja, Ramadhani ilipokwisha, nilijiuliza nasukutua nini." Akaacha. Alikaa miezi akiuza viazi karai kando ya njia kabla ya kupata mtaji wa tanuri. Hata sasa, alisema, wako wateja wanaoketi, wakaitisha mvinyo, wakiambiwa haupo huinuka na kuondoka, na siku za mwisho wa mwezi kuinuka huko humuuma anapohesabu kodi. Lakini hajaubadilisha msimamo wake.

Chakula chenyewe

Meza za familia ziko ndani, nyuma ya pazia, na kuna chumba kidogo chenye miswala na birika la kutawadhia. Mke wangu aliketi, akafungua buibui kidogo shingoni, akaanza kutazama kama mwalimu aliyekuja kukagua darasa la mwenzake.

Kwanza ililetwa piza ya nyanya, jibini na majani mabichi. Tanuri ni la matofali na huwashwa kwa kuni, na ule mkate ulikuwa na madoa ya moto chini na umefura pembeni, ukakumbusha mikate ya mofa ya wazee wetu. Mke wangu alilichukua jani moja, akalisugua baina ya vidole, akanusa, akacheka. "Maalim, huu si mrehani?" Kweli ulikuwa mrehani, jamaa ya ule ambao mama zetu huutia katika kikuba pamoja na asumini. Huko kwao husagwa pamoja na mafuta ya zaituni, jibini, thomu na aina ya njugu, ukawa mchuzi wa kijani wa kuchanganyia tambi. Bibi yangu amevaa mrehani tangu arusi yake. Kuula ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha zikaja tambi za kamba na ngisi. Hapo palizuka mzozo mdogo. Mke wangu alisema hazijaiva. Mpishi akaja mwenyewe, akasimama mbali kwa heshima, akasema: "Mama, sisi tambi zetu za futari huzikaanga, tukazipika na tui, sukari na iliki mpaka zilainike. Wao hutaka jino likutane na kitu. Zikilainika sana, kwao zimeharibika." Mke wangu alitafuna tena, polepole, akasema, "Basi ni kama wali wa kuchambuka na wali wa bokoboko." Mpishi alicheka, akasema mfano huo atauchukua.

Tambi zilianzia wapi?

Wengi husema kwamba tambi zilipelekwa Italia na msafiri Marco Polo kutoka Uchina. Marco Polo alirejea kwao mwaka 1295. Lakini mwanachuoni Al-Idrisi, Muislamu aliyefanya kazi katika baraza la Mfalme Roger wa Pili kule Palermo, alimaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154. Humo ameutaja mji wa Trabia, karibu na Palermo katika kisiwa cha Sisili, kwamba una mito na vinu vya kusagia, na kwamba hutengenezwa humo itriyya, yaani tambi, kwa wingi, zikapakiwa majahazini na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Hapo Marco Polo alikuwa hajazaliwa.

Na Sisili ilikuwa chini ya utawala wa Waislamu kabla ya hapo. Mwaka 827 jeshi liliondoka Tunisia likiongozwa na kadhi wa Qayrawan, Asad bin al-Furat, na ngome ya mwisho ya Waislamu kisiwani ilianguka mwaka 1091. Katika zama hizo miwa, malimau na mabiringani yalistawi kule. Sikilizeni majina: sisi twasema sukari, wao husema zucchero, sisi limau, wao limone, sisi biringani, wao melanzana. Yote yamepitia katika Kiarabu. Ndugu zetu Wasomali nao, baada ya kutawaliwa na Wataliano, walilifanya baasto kuwa chakula cha nyumbani. Chakula ni msafiri, na aghalabu hurudi mahali alipokwisha kupita.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuketi

Wasomaji, si kila mkahawa wa Kitaliano ni kama huu. Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuharamishia nyamafu, damu, nyama ya nguruwe na vilivyochinjwa kwa jina la asiyekuwa Yeye, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yako mambo ya shaka. Nilimuomba mpishi anieleze siri za jiko hilo, nami nawapa muhtasari.

Kuhusu nguruwe: tambi ziitwazo carbonara kwa asili hutiwa nyama ya shavu la nguruwe. Mchuzi wa nyama ya kusaga, unaotumika pia katika lasagna, mara nyingi huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Tena piza yako ikiwa ni ya mboga tupu, uliza kama hukatwa kwa kisu kile kile na juu ya ubao ule ule.

Kuhusu mvinyo: wali wao wa risotto na michuzi mingi ya samaki humiminiwa mvinyo, na kitamutamu cha tiramisu aghalabu hutiwa kileo. Wako wanaosema kwamba mvinyo ukichemka huisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi ambayo twayafuata pwani hii, mvinyo ni najisi. Ukimwagika katika mchuzi umeunajisi, na moto hautoharishi. Mpishi wetu hutumia ndimu na supu ya vichwa vya kamba. Ama siki, hiyo Mtume ameisifu kuwa ni kitoweo kizuri, na mvinyo uliogeuka siki wenyewe bila ya kutiwa kitu ni tohara.

Kuhusu jibini: Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini kule Tabuk, akaitisha kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akaikata. Jibini kwa asili si haramu. Tatizo ni infaha, yaani kile kitokacho katika tumbo la ndama na kugandisha maziwa, ambacho hutumika katika jibini ngumu ya Parmigiano. Ikiwa ndama hakuchinjwa kisheria, wanachuoni wa Kishafi huihesabu kuwa ni najisi, ilhali Imam Abu Hanifa ameiruhusu. Ziko jibini zinazogandishwa kwa mimea, na hizo ndizo mpishi huyu huzinunua.

Mwisho, mkahawa unaopitisha ulevi mezani tuuepuke hata kama sahani yetu ni safi, kwani tumekatazwa kuketi penye meza ya ulevi. Na kuuliza si utovu wa adabu. Mpishi mwema hufurahi kuulizwa. Mpishi akikasirika, nenda ukale muhogo wa kuchoma.

Hesabu ya usiku ule

Malipo yalikuwa shilingi 4,300 kwa watu watano. Si kidogo kwa mwalimu wa madrasa, nami simwambii mtu akope ili akale piza. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula na kunywa bila ya israfu. Mara moja au mbili kwa mwaka, kwa mwenye uwezo, yatosha. Na asiye na uwezo anaweza kuingia jikoni mwenyewe siku moja, ampakulie mkewe. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba hata tonge ambalo mume hulitia kinywani mwa mkewe analo ujira.

Tulipokuwa katika foleni ya feri, karibu saa tano za usiku, watoto wamesinzia nyuma, nilimuuliza mke wangu alichokipenda zaidi. Nilidhani atasema mrehani, au wale kamba. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Maalim, leo nimekula chakula kikiwa moto."

Sikufahamu mara moja. Alinieleza bila ya lawama. Yeye hupakulia wageni, kisha mimi, kisha watoto, kisha hurudi kuongeza maji, na chumvi, na pilipili, na anapoketi chake kimekwisha kupoa. Miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa nikiketi naye nyumba moja, nikisomesha watu haki za mke, na jambo hilo sikulijua.

Darsa ijayo, inshaallah, nitayarekebisha maneno yangu mbele ya wale wale niliowaambia. Na nyumbani tumekubaliana tangu wiki ile kwamba sahani hazifunuliwi mpaka mama ameketi.

Wabillahi tawfiq.