Mwaloni, Kambiamu na Pete za Mti: Maelezo ya Istilahi za Ukuaji wa Miti

Mgeni akimwuliza mkazi wa Mwanza njia ya kwenda mwaloni, ataelekezwa Kirumba, penye soko kubwa la samaki na dagaa lililo ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Katika Kiswahili cha kandokando ya ziwa hilo, mwalo ni mahali ambapo mitumbwi hufikia na wavuvi hupakua samaki wao. Na mwaloni ni neno hilo hilo lililotiwa kiambishi cha mahali. Lakini mgeni huyo akiifungua Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1952, atasoma kwamba Abramu alikaa penye mialoni huko Mamre, wala huko hakukuwa na wavuvi. Mwaloni wa Biblia ni mti, na jina lake limetokana na neno la Kiebrania, alon.

Tumeanza na mfano huu kwa sababu mti wa mwaloni ndio unaotajwa mara nyingi katika vitabu vya kigeni vya elimu ya mimea pale mwandishi anapotaka kueleza jinsi shina la mti linavyonenepa. Mfasiri anayevileta vitabu hivyo katika Kiswahili hukabiliwa na mambo matatu: jina la mti usioota kwetu, jina la ukuaji wenyewe, na jina la alama ambazo ukuaji huo huziacha ndani ya mbao. Katika makala haya tutaeleza kwanza jambo lenyewe lilivyo, kisha tutatoa mapendekezo yetu. Tunaamini kwamba istilahi haiwezi kuwa sahihi ikiwa anayeitunga hajakielewa kitu anachokipa jina.

1. Jina la mti

Mialoni ni miti ya jenasi ya Quercus, yenye aina zaidi ya 400. Kwa asili huota Ulaya, Asia na Amerika. Katika bara letu hupatikana upande wa kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia. Haimo katika misitu ya asili ya Tanzania. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mwanza hana mti wa kuutazama anapolisoma jina hili, bali ana soko.

Sarufi huweza kumwongoza kwa kiasi. Tukisema "mwaloni umeanguka", tunazungumza juu ya mti. Tukisema "mwaloni pamejaa watu", tunazungumza juu ya mahali. Wingi hautusaidii sana, kwani "mialoni" ni miti mingi, na pia ni penye mialo mingi. Hatuoni sababu ya kulitupa jina lililokwisha kuzoeleka. Inatosha mfasiri aandike "mti wa mwaloni" linapotajwa kwa mara ya kwanza, kisha aendelee na upatanisho ulio sahihi.

2. Urefu na unene

Mti hukua kwa njia mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Tukipigilia msumari katika shina la mti kwa kimo cha mita moja kutoka ardhini, na tukarudi baada ya miaka kumi, tutaukuta msumari ungali katika kimo cha mita moja, ijapokuwa mti umerefuka sana. Sababu ni kwamba mti hurefuka katika ncha zake tu, yaani ncha za matawi na za mizizi. Lakini huenda tukakuta kwamba msumari umezama, na pengine kichwa chake hakionekani tena. Umezamishwa na unene wa shina.

Unene huo hutokana na utando mwembamba wa seli hai ulio kati ya gome na ubao, unaoitwa kambiamu. Seli za utando huu hugawanyika daima wakati wa ukuaji. Zile zinazoachwa upande wa ndani huwa zailemu, yaani ubao wenye mirija ya kupandisha maji kutoka mizizini. Zile zinazoachwa upande wa nje huwa floemu, yaani gome la ndani linalosafirisha chakula kilichotengenezwa na majani. Zailemu hutengenezwa kwa wingi kuliko floemu, ndiyo sababu shina huwa na ubao mwingi na gome jembamba. Baada ya miaka mingi ubao wa katikati huacha kupitisha maji, na katika miti mingi hubadilika rangi na kuwa kiini. Seremala anayepasua mninga hujua tofauti hii: ubao wa nje ni mweupe na huliwa upesi na wadudu, bali kiini ni chekundu na hudumu.

Si kila mmea mrefu hukua hivi. Mnazi na mgomba havina kambiamu ya namna hii, na mtu atakayekata mnazi hataona pete shinani mwake. Mwalimu anayesema kwamba "miti yote" ina kambiamu anawafundisha wanafunzi wake kosa.

Katika vitabu vya Kiingereza unenepaji huu hupewa jina ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, ni "ukuaji wa pili". Tafsiri hiyo ina hatari. Jina hilo hilo la Kiingereza hutumiwa pia na wataalamu wa misitu kwa maana ya uoto unaochipuka upya baada ya msitu wa kwanza kukatwa. Jirani na Mwanza, katika Mkoa wa Shinyanga, mpango wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986 ulitegemea sana ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ili majani na miti viote tena. Ofisa akisoma katika waraka kwamba "ukuaji wa pili ulindwe", atadhani anaagizwa kulinda ngitili, kumbe mwandishi alikusudia kambiamu. Ndiyo maana tunapendekeza "ukuaji wa unene" kwa jambo la kwanza, na "uoto wa upya" kwa la pili.

Neno gome nalo lataka uangalifu, kwa kuwa limebeba vitu viwili. Gome la nje ni lililokufa. Hilo ndilo litumikalo kutengenezea vizibo vya chupa kutokana na aina moja ya mwaloni huko Ureno. Gome la ndani li hai. Mtu akilibandua gome lote, la nje na la ndani, kuuzunguka mti, chakula hakiwezi tena kufika mizizini, na kwa kawaida mti hufa. Hata hivyo mafundi wa ng'ambo ya pili ya ziwa, katika Uganda, wamejua kwa karne nyingi jinsi ya kuvua gome la mti wa mutuba ili kufua nguo iitwayo lubugo, bila ya kuuua mti. Hulibandua kwa uangalifu, kisha huufunika mwili wa mti kwa majani ya mgomba ili usikauke, na gome jipya hujengeka. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Mafundi hawa hawakulihitaji neno kambiamu, lakini walikijua kitu chenyewe kwa mikono yao.

3. Kinachoongoza unene

Ni kitu gani kinachoiambia kambiamu ianze kazi au ipumzike? Jibu la kwanza liko juu ya mti. Machipukizi na majani machanga hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka shinani na kuiamsha kambiamu. Homoni nyingine, kama vile jiberelini na sitokinini, hushirikiana nayo. Aidha, uchunguzi wa miaka ya 2000 umeonyesha kwamba floemu hutoa protini fupi sana ambazo huifikia kambiamu na kuzifanya seli zake ziendelee kugawanyika, zisigeuke zote kuwa ubao kabla ya wakati.

Jibu la pili liko nje ya mti. Seli changa haziwezi kutanuka pasipo maji, wala kujenga kuta zake pasipo sukari itokayo majanini. Upepo nao una kazi yake: mti unaotikiswa mara kwa mara hunenepa zaidi, na mikaratusi iliyobanana katika shamba huwa myembamba na mirefu. Kwa kuwa mambo haya hufanya kazi kwa pamoja, tunaona kitenzi "kuratibu" kinafaa kuliko "kudhibiti", ambacho hutia fikra ya kuzuia tu.

Kwa mwaloni wa Ulaya, baridi na urefu wa siku ndivyo vinavyotawala ratiba. Baridi inapokwisha, mti hujenga upesi mirija mipana, hata kabla majani hayajakunjuka sawasawa, kwa sababu mirija mipana ya mwaka uliopita imezibwa na hewa wakati wa baridi. Baadaye katika majira ya joto hujenga ubao mzito wenye mirija myembamba. Kisha baridi hurudi na kazi husimama. Mpaka ulio kati ya ubao mzito wa mwaka mmoja na mirija mipana ya mwaka unaofuata huonekana kama pete. Pete moja, mwaka mmoja.

4. Pete za nini?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Vitabu vingi huziita alama hizo "pete za mwaka", na jina hilo ni sahihi kwa mwaloni wa Uingereza. Lakini Mwanza iko karibu digrii 2 na nusu kusini mwa ikweta. Siku ndefu kabisa ya mwaka na siku fupi kabisa hazipitani hata kwa nusu saa, wala hakuna baridi ya kuusimamisha mti. Kinachotawala ni mvua: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika kuanzia Machi hadi Mei, na kiangazi kuanzia Juni hadi Septemba. Mti mmoja huweza kupumzika mara mbili kwa mwaka na kuacha pete mbili; mwingine uliotia mizizi penye unyevu wa ziwa huenda usipumzike kabisa, wala usiache pete iliyo wazi. Katika Zimbabwe, ambako msimu wa mvua ni mmoja, wataalamu wamethibitisha kwamba pete za mninga hufuata miaka. Uthibitisho huo hauwezi kuhamishiwa kila mti wa kila mahali.

Tuseme majirani wawili wanagombania mpaka wa shamba, na mmoja adai kwamba mti ulio mpakani ulipandwa na baba yake miaka 30 iliyopita. Mti unakatwa, pete zinahesabiwa, zinapatikana 50. Ofisa aliyefundishwa "pete za mwaka" atamwita mdai mwongo, kwa kuwa neno limemwambia hivyo. Aliyefundishwa "pete za ukuaji" atauliza kwanza: je, mti wa aina hii, mahali hapa, huacha pete ngapi kwa mwaka? Tofauti ya neno moja huweza kumnyang'anya mtu shamba.

5. Mapendekezo

Tunawapendekezea wafasiri na walimu istilahi zifuatazo:

Ukuaji wa urefu: urefukaji wa mmea katika ncha zake.
Ukuaji wa unene: unenepaji wa shina na mizizi kwa kazi ya kambiamu.
Kambiamu: utando wa seli hai ulio kati ya gome na ubao.
Gome la ndani na gome la nje: la kwanza ni hai, la pili limekufa.
Kiini: ubao wa katikati uliokoma kupitisha maji.
Pete za ukuaji: alama za vipindi vya kukua na kupumzika kwa mti. "Pete za mwaka" litumiwe tu pale ilipothibitishwa kwamba pete moja ni mwaka mmoja.

Tumekubali kutohoa kambiamu, zailemu na floemu kwa kuwa hatukupata maneno ya Kiswahili yanayotenganisha tabaka hizo sawasawa. Lakini huenda mafundi wa mitumbwi, waganga wa miti shamba na wafuma vizimba vya samaki kandokando ya ziwa wanayo majina ambayo hatujayasikia. Walimu walio karibu nao wanaombwa wayasikilize na kuyaandika, pamoja na jina la mti na mahali lilipotumika, kabla maneno ya kutohoa hayajakita mizizi.